Bastola ya Kuficha Kiunoni: Jibu kwa Mama wa Tanga



Barua iliyotufikia juma hili si ya kawaida katika safu hii, ambayo wasomaji wake aghalabu huuliza habari za mirathi, posa na malezi. Mama mmoja wa Tanga anaeleza kuwa mwanawe anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na mke na watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka saba. Kazi yake ni kuendesha gari usiku, akichukua abiria wanaomwita kwa simu. Baada ya dereva mwenzake kuporwa, ameazimia kununua bastola ndogo ya kuficha mwilini, na amempigia mama yake kumwomba radhi na dua. Mama anauliza: bastola hizo zikoje, kijana achague ipi, naye amjibu nini?

Mama yangu, shikamoo. Wako watakaosema kuwa ukurasa wa familia hauna haja ya kuzungumza habari za bastola. Lakini jamaa zetu walioko Ohio na Minnesota wanaishi katika nchi ambayo silaha huuzwa dukani, na kitu kikishaingia katika nyumba yenye wajukuu wetu kimekwisha kuwa jambo la familia.

Tuanze na hadhi yake ya ukaazi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wa watoto wetu hujikwaa kabla hawajafika dukani. Sheria ya shirikisho humkataza aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama vile ya masomo, kununua au kumiliki silaha ya moto, isipokuwa kwa ruhusa chache zilizotajwa, mfano mwenye leseni ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu, ule wanaouita grini kadi, anaruhusiwa kununua, ingawa muuzaji mwenye leseni hamuuzii bastola aliye chini ya miaka 21. Dukani mnunuzi hujaza fomu nambari 4473, na jina lake hupitishwa katika mfumo wa uchunguzi ulioanza kazi mwaka 1998. Kusema uongo ndani ya fomu hiyo ni jinai. Na uniwie radhi nikilisisitiza hili: asiye raia, hata awe na ukaazi wa kudumu, akitiwa hatiani kwa kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini. Mzaliwa wa Ohio atalipa faini au atatumikia kifungo kisha arudi kwake. Mwanao anaweza kupandishwa ndege, watoto wakabaki.

Katika Ohio yenyewe, tangu Juni 13, 2022, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye hakukatazwa na sheria anaweza kubeba bastola iliyofichwa pasipo leseni wala mafunzo yoyote. Nisingependa mwanao aitumie ruhusa hiyo. Leseni ya sherifu wa kaunti bado ipo kwa anayeitaka, nayo hudai mafunzo ya saa 8, ambapo zisizopungua 2 ni za uwanjani kwa risasi halisi. Saa 8 ni chache. Fundi cherehani hafundishwi kazi kwa muda huo. Walakini ni bora kuliko kutofundishwa. Tena leseni hiyo hutambulika katika majimbo mengine kadhaa, ingawa si yote. New York, kwa mfano, haitambui leseni ya jimbo jingine. Kijana akienda kumjulia hali jamaa yake Buffalo, bastola ikiwa kiunoni, atakuwa mhalifu kabla hajashuka garini. Na akija likizo Tanga asithubutu kuja nayo, kwani sheria yetu ya silaha ya mwaka 2015 ina masharti yake ya kuingiza silaha nchini, wala haijali karatasi za Ohio.

Ama bastola zenyewe, hiyo anayoitaka ni ya aina inayojipakia. Risasi hupangwa ndani ya magazini, kisanduku chembamba kinachosukumwa ndani ya mpini. Mtu huvuta nyuma kipande cha juu, wanachokiita slaidi, na kukiachia. Kikirudi mbele huchukua risasi moja na kuiingiza katika chemba, nyuma ya mtutu. Triga ikivutwa, risasi hutoka, nguvu ya mlipuko hurudisha slaidi nyuma, ganda tupu hutupwa nje, na springi husukuma slaidi mbele pamoja na risasi mpya. Kila triga inapovutwa hutoka risasi moja. Mfumo huu una zaidi ya karne moja. Mmarekani John Browning, aliyefariki mwaka 1926, ni miongoni mwa waliouendeleza sana, na risasi ya milimita 9 inayotumika katika nyingi ya bastola hizi ilibuniwa na Georg Luger wa Austria mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa hiyo kilichobadilika katika miaka yetu si namna bastola inavyofanya kazi, bali ukubwa wake na malighafi. Kampuni ya Glock ya Austria ilipotoa bastola yake ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiunzi chake kilikuwa cha plastiki ngumu badala ya chuma. Mwaka 1988 ikafuata Glock 19, fupi kidogo kuliko ile ya kwanza: urefu wake ni sentimita 18 na ushei, mtutu sentimita 10, uzito gramu 600 hivi ikiwa tupu, na magazini yake ya kawaida huchukua risasi 15. Tangu hapo, Mmarekani akisema bastola fupi ya kuficha, yumkini ana ukubwa huo akilini. Baadaye zikaja ndogo zaidi. Smith & Wesson walitoa Shield mwaka 2012, na mwaka 2018 SIG Sauer wakatoa P365, yenye mtutu wa chini ya sentimita 8 na uzito wa takribani nusu kilo, ambayo hata hivyo hubeba risasi 10.

Muuzaji akiziweka mbili tatu juu ya kioo cha meza, mwanao ataipenda ile ndogo kabisa. Inaenea kiganjani, haivimbi chini ya shati, na haimlemei mtu anayekaa garini usiku kucha. Lakini hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wapya hulijua baada ya kulipa: bastola ndogo ni ngumu zaidi kuitumia. Risasi ni ile ile ya milimita 9, na nguvu yake ni ile ile, ila uzito wa kuipokea nguvu hiyo umepungua. Hivyo bastola hurukaruka mkononi. Mpini mfupi humwacha mshikaji kidole kimoja kikining'inia. Vilengeo viwili vilivyo juu ya mtutu vimekaribiana, na kosa dogo la mkono halionekani kwa macho, lakini huonekana kwenye ukuta wa jirani. Springi nayo huwa ngumu, hata wenye mikono dhaifu wakashindwa kuivuta slaidi. Smith & Wesson walilitambua hilo, na mwaka 2018 wakatoa bastola waliyoiita EZ, ambayo slaidi yake ni laini kuvuta. Mshiko ukilegea, slaidi inaweza isirudi sawasawa na ganda likakwama. Wataalamu ndio wanaoimudu ndogo. Lakini dukani hutangazwa kwa mwanafunzi.

Rai yangu, kama ni lazima anunue, ni kwamba asiwe na haraka ya jina. Katika viwanja vingi vya shabaha vya Marekani mtu hukodishwa bastola na kuijaribu hapo hapo chini ya usimamizi. Akodi tatu au nne za kampuni mbalimbali, apige risasi 50 kwa kila moja, kisha atazame karatasi ya shabaha badala ya kusikiliza sifa za muuzaji. Aghalabu mtu hujikuta akirudi kwenye ukubwa wa kati, ule wa Glock 19 na wenzake. Ni kubwa vya kutosha kushikika, na mtu wa umbo la kawaida huificha chini ya fulana pana.

Kisha kuna ala, yaani kifuko cha kuhifadhia bastola mwilini. Watu hutoa dola 500 na zaidi kwa bastola, halafu wakanunua ala ya kitambaa kwa dola 15. Nyingi ya bastola hizi za kisasa hazina kitufe cha nje cha kuzuia triga. Usalama wao umo ndani ya triga yenyewe, kwamba isipovutwa haifyatui. Basi kila kinachoigusa triga ni kidole. Ncha ya shati ni kidole. Kamba ya koti ni kidole. Ala inayofaa ni ngumu, inaifunika triga yote, hubaki wazi mdomoni hata bastola ikitolewa, na huvaliwa kwa mkanda imara usiopinda. Mfuko wa suruali pamoja na funguo si mahali pake, wala chini ya kiti cha gari, ambapo ikiteleza mtu huinama kuipapasa gizani. Mkoba wa mkononi nao una hatari yake. Mwishoni mwa Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja aliyekuwa na kibali cha kubeba bastola alikuwa dukani na mwanawe wa miaka miwili. Mtoto alikuwa ameketi katika kigari cha manunuzi, karibu na mkoba wa mama. Akatia mkono ndani ya mkoba, na mama akafa pale pale. Bastola ilikuwa nzima, kibali kilikuwa halali, na hakuna mwizi aliyehusika.

Mama yangu, sasa tuhesabu saa, kwani naona hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Kijana anataka bastola kwa ajili ya barabara ya usiku. Kampuni mbili kubwa zinazosafirisha watu kwa njia hiyo ya simu, Uber na Lyft, zina kanuni inayomkataza dereva na abiria wote wawili kuwa na silaha ya moto safarini, hata pale sheria ya jimbo inaporuhusu. Akigundulika, anaweza kufungiwa kazi. Ikiwa anafanya kazi kupitia mojawapo, basi ama atavunja mkataba wake kila siku, ama bastola iliyonunuliwa kwa ajili ya usiku italala nyumbani usiku huo huo, yeye akiwa hayupo, pamoja na mkewe na watoto watatu. Hata kama mwajiri wake ni mwingine na ameruhusu, atalala mchana, ataoga, ataswali, atacheza na watoto sakafuni. Katika saa 24, saa ambazo bastola haimo mwilini mwake ni nyingi kuliko zile ambazo imo. Muuzaji atamweleza juu ya zile chache.

Takwimu za afya za Marekani ziko wazi juu ya saa hizo nyingi. Mwaka 2022 watu waliouawa kwa silaha za moto nchini humo walizidi 48,000, na kati yao zaidi ya 27,000 walijiua wenyewe. Yaani zaidi ya nusu hawakuuawa na jambazi wala mume wala askari. Tangu mwaka 2020 silaha za moto zimeshika nafasi ya kwanza miongoni mwa sababu za vifo vya watoto na vijana wa nchi hiyo, zikizipita ajali za magari. Sitaki mama mwenye kusoma haya ashindwe kulala. Lakini mtu anayefanya kazi ya upweke usiku, mbali na kwao, madeni yakimkaba na simu za nyumbani zote zikiomba fedha, huwa na siku zake mbaya. Katika siku ya namna hiyo kitu cha kwanza kinachofikika haraka kinafaa kiwe simu ya rafiki. Swali hili wanaume hawaulizani, na mama ndiye anayeweza kuliuliza bila kumdhalilisha mtu.

Kuhusu watoto, kuna jambo moja la kiufundi ambalo kila mtu wa nyumba ile, pamoja na mkwe wako, ni lazima alijue hata kama hatoigusa bastola maisha yake yote. Kutoa magazini hakuifanyi bastola kuwa tupu. Risasi iliyokwisha kuingia katika chemba hubaki humo, nje haionekani, na katika bastola nyingi triga ikivutwa itatoka. Ajali nyingi za majumbani huanza na mtu mzima aliyetoa magazini, akaamini kazi imekwisha. Utaratibu ni huu: magazini kwanza hutolewa, slaidi huvutwa nyuma na kuzuiliwa hapo, chemba hutazamwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole, wakati wote mtutu ukielekea pasipo na mtu. Anayefanya kinyume, akavuta slaidi kwanza na kutoa magazini baadaye, amepakia risasi nyingine bila kujua.

Wala juu ya kabati si maficho. Mtoto wa miaka saba anajua kupanda kiti, na anajua baba huficha wapi peremende. Yapo masanduku madogo ya chuma yanayofunguliwa kwa nambari au alama ya kidole, yanayofungwa kwa boliti kwenye sakafu au kitanda. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2005 humtaka muuzaji mwenye leseni ampe kila mnunuzi wa bastola kufuli au kifaa kingine cha kuihifadhi. Kufuli hilo la waya mara nyingi huishia kwenye droo pamoja na risiti. Mimi ningemwambia kijana anunue sanduku kwanza, alifunge sakafuni, akae nalo mwezi mmoja, aone kama kweli hulifunga kila anapotoka. Asiyeweza kufunga sanduku tupu kwa siku 30 asinunue cha kutia ndani.

Utauliza: basi mwanangu aende kuporwa? La. Programu za simu za kampuni hizo zina kitufe cha dharura kinachomwunganisha dereva na polisi wa 911. Kamera ndogo ya kiooni, inayoonekana na abiria, huwafanya baadhi yao washuke mapema wenyewe. Fedha taslimu asizibebe. Na gari likitakwa kwa silaha, alitoe, maana gari lina bima na mtu aliyekaa kiti cha nyuma tayari ana nafasi ya mbele kuliko dereva aliyefunga mkanda, bastola ikiwa chini ya mkanda huo huo. Nimeona watu wakilipuuza hili la mwisho. Wajaribu kukaa garini, wajifunge mkanda, kisha watoe hata simu mfukoni kwa haraka.

Sikwambii umnyime radhi. Ni mtu mzima, ana nchi yake sasa na sheria zake, na hofu yake si ya kubuni. Mimi kwa upande wangu, nikiangalia watoto hao watatu na kanuni za kazi yake, naona asinunue kwa sasa. Lakini rai ya katibu wa msikiti aliyeko ng'ambo ya bahari haitamzuia mtu aliyekwisha kuamua. Anayeweza kumfanya ajibu maswali ni wewe: italala wapi, nani ana nambari ya sanduku, kampuni yake inasema nini, mkewe amekubali au ameambiwa tu. Hili la mke naomba ulishike. Kuna mabibi wanaogundua silaha ndani ya nyumba wakati wa kufua nguo.

Jambo jingine asilolitaja ni polisi. Mwanao ni kijana mweusi, na jina lake ni la Kiislamu. Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa na polisi akiwa garini na mwenziwe na mtoto mdogo. Alikuwa na kibali, naye kwa adabu akamweleza askari kuwa ana silaha. Askari akampiga risasi akafa, na mwaka uliofuata mahakama ikamwachia askari huyo. Tangu mabadiliko ya 2022, sheria ya Ohio inamtaka mwenye bastola aseme kweli anapoulizwa na askari kama anayo. Wakufunzi hufundisha mikono yote miwili ikae juu ya usukani, taa ya ndani iwashwe, na mtu asinyooshe mkono kutafuta karatasi mpaka aambiwe. Maneno hayo aliyajua pia mkewe anayeketi kiti cha pembeni, kwani naye huwa na mikono.

Nimalizie na msikiti, kwa sababu Ijumaa atakwenda. Sheria ya Ohio imeutaja msikiti kwa jina lake pamoja na kanisa na sinagogi: silaha iliyofichwa hairuhusiwi kuingizwa humo isipokuwa wenye nyumba ya ibada hiyo wameruhusu. Wanaosoma hadithi wanakumbuka kuwa Bukhari na Muslim wamepokea mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kuhusu anayepita msikitini au sokoni na mishale, kwamba aishike upande wa ncha asije akamdhuru mtu. Baada ya mauaji ya Christchurch, New Zealand, Machi 15, 2019, ambapo waumini 51 waliuawa katika misikiti miwili, kamati kadhaa za Marekani zilikaa kulizungumza suala hili upya. Baadhi huajiri walinzi, baadhi huwateua watu wachache waliofunzwa, baadhi hukataza kabisa. Kila mtu kujiamulia mwenyewe, akaja saffu ya tatu na bastola ambayo imamu hana habari nayo, ni ulinzi wa namna isiyojulikana nani analindwa na nani; na akiinama kurukuu, shati hupanda mgongoni. Kuiacha garini nako si suluhisho jepesi, kwani wezi wanajua saa ya Ijumaa na wanajua maegesho ya msikiti. Amuulize katibu wa msikiti wake, apewe jibu la kamati kwa maandishi, wala asishike neno la mtu aliyekutana naye akivua viatu.